Malishoni Mokhotlong: nyasi, theluji na kondoo wa sufu

Afisa wa uhamiaji wa Afrika Kusini, pale chini ya mlima, alikagua magurudumu kabla ya kugusa pasipoti zetu. Kazi yake ni hiyo: gari lisilovuta kwa magurudumu yote manne haliruhusiwi kupanda Njia ya Sani, barabara ya mlimani iendayo Lesotho. Kituo cha Lesotho kiko juu, mita 2,876 kutoka usawa wa bahari, na kati ya vituo hivyo viwili kuna kilomita chache tu za kokoto na kona zilizobana hadi dereva wetu, mtu wa maneno mengi, akanyamaza mwenyewe. Ukifika juu, ukuta wa mlima unakatika na mbele yako unatandazika uwanda wa nyasi fupi usio na mti hata mmoja. Wageni wengi huishia hapo. Hupiga picha kwenye baa inayojitangaza kuwa ya juu kuliko zote Afrika, wakanywa bia ambayo baridi ile haiihitaji kabisa, wakageuza gari.

Mimi nilifuata kondoo. Lesotho ni nchi ambayo hata sehemu yake iliyo chini kabisa iko kwenye mita 1,400 hivi, na sehemu kubwa ya ardhi yake haifai jembe. Inafaa mifugo. Sufu ya kondoo wa merino na manyoya ya mbuzi wa angora ndiyo mazao makuu ya kilimo yanayouzwa nje, na wilaya ya Mokhotlong, kule kaskazini mashariki, ni kitovu cha kazi hiyo. Barabara ya lami inapita Kotisephola, mita 3,240, na upande mmoja unaona Thabana Ntlenyana, kilele kirefu kuliko vyote kusini mwa Afrika, mita 3,482. Usipoonyeshwa hukijui. Ni mgongo mpana wa nyasi tu.

Mwenyeji wangu alikuwa mzee mwenye kondoo wake, mkazi wa kijiji kilicho bondeni. Kila mtu alimwita Ntate, yaani baba, nami nikamwita hivyohivyo. Alinisubiri kando ya barabara na farasi wawili, blanketi zito limefungwa begani kwa pini, miguuni mabuti ya mpira. Blanketi la pili lilikuwa langu. Nilidhani ni adabu ya ukarimu. Baada ya saa moja ya upepo nikaelewa kwamba bila hilo nisingefika.

Njiani alinieleza utaratibu. Malisho ya Lesotho yamegawanywa ngazi tatu. Ngazi A ni ya juu kabisa, ya majira ya joto, ambako wachungaji huishi kwenye vibanda vya mawe viitwavyo metebo. Ngazi B iko katikati, ya majira ya baridi. Ngazi C ni ya kuzunguka kijiji. Mifugo inapanda mvua zikianza na kushuka kabla ya theluji ya Juni, ili kila ngazi ipate miezi yake ya kupumzika. Juu ya hapo kuna leboella, eneo ambalo chifu analifunga nyasi zikomae, kisha analifungua. Nilimwambia kwamba Wasukuma wa Shinyanga nao wana ngitili, malisho yanayotengwa kwa ajili ya kiangazi. Akacheka. "Kumbe na huko wanapigana faini?"

Faini ndiyo penye tatizo. Kanuni za kuratibu malisho zilitungwa mwaka 1980 na kumpa chifu rungu. Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1997 ikaja na mabaraza ya kuchaguliwa, nayo yakakabidhiwa malisho hayohayo. Mtu akikamatwa na kondoo wake ndani ya leboella, anakimbilia kwa yule atakayemwonea huruma. Kwa maoni yangu hili limeharibu nyasi nyingi kuliko watu wanavyokiri, maana malisho yenye wakubwa wawili hayana mwenyewe.

Tulifika mwishoni mwa Machi, wakati ambao zamani, kwa mujibu wa Ntate, kila mchungaji angekuwa anahesabu siku za kushuka. Kibanda kilikuwa cha mviringo, paa la nyasi, mlango wa kuinama. Ndani moshi wa vipande vya samadi iliyokaushwa, iliyokatwa kutoka sakafu ya zizi. Huko juu hakuna kuni, kwa hiyo mbolea inaungua jikoni badala ya kurudi ardhini. Anayeona kosa hapo na alale pale usiku mmoja bila moto. Kijana mchunga kondoo, tuliyemwita abuti, yaani kaka, alitupikia papa, ugali wa mahindi wa huko. Wachungaji wengi wa kuajiriwa hulipwa kwa mifugo, na abuti naye ujira wake ulikuwa kondoo. Kwa hiyo ukimwambia apunguze kundi, unamwambia apunguze akiba yake.

Asubuhi abuti aliniongoza hadi bwawa la majani, yaani kinamasi cha mlimani, chanzo cha kijito kinachoteremkia mto Senqu. Kwa mbali lilikuwa zulia la kijani kibichi katikati ya mteremko uliokwisha kuwa wa rangi ya majani makavu. Kwa karibu, lilikuwa limejaa matuta na mashimo ya kwato. Udongo mweusi, ule unaoloweka mvua na kuiachia kidogokidogo miezi yote ya ukame, ulikuwa umepasuka. Pembeni mfereji ulikuwa umejichimba kwenda chini hadi kiunoni mwangu, na maji yote ya bwawa yalikuwa yakikimbilia humo. Panya wa barafu, wanene, wenye mkia mfupi, walikuwa wakiota jua midomoni mwa mashimo yao. Panya hao ni wenyeji wa milima hii tangu zamani, lakini bwawa likishakauka na kukanyagwa wanachimba kwa wingi, udongo unazidi kulegea, na mvua moja kubwa ya radi inaubeba.

"Mvua zikichelewa, kondoo wote wanakuja hapa," abuti alisema. "Kwingine kumekauka. Nifanye nini, niwazuie kwa mkono?"

Mvua zinachelewa kweli. Zamani Oktoba ilitosha kutegemewa. Ukame wa El Niño wa 2015 na 2016 ulifika mahali serikali ikatangaza hali ya dharura, na watu wa milimani bado wanahesabu matukio kuanzia hapo. Zikija, zinakuja kwa fujo. Na baridi haijaondoka kwa sababu dunia imepata joto: theluji ya ghafla ya Novemba huwakuta kondoo wametoka kunyolewa, ngozi tupu, na usiku mmoja unatosha kuua kundi. Nyasi nazo zinabadilika. Mahali palipolishwa bila kupumzishwa, kichaka kidogo chenye maua ya njano, Chrysocoma ciliata, kinashika nafasi, na kondoo hakigusi mpaka njaa imbane.

Somo lililonikaa zaidi nililipata kwenye zizi. Ntate alimshika kondoo mmoja, akamkalisha kwa matako, akapasua sufu ubavuni kwa vidole gumba viwili. Ndani ilikuwa nyeupe, laini, yenye mawimbi madogo yanayolingana. Akachomoa kishungi chembamba kama penseli, akakinyoosha mbele ya jua na kunionyesha mstari mwembamba uliokatiza, karibu theluthi moja kutoka ncha. Akashika miisho miwili, akavuta kwa nguvu, akakigonga kwa kidole. Kikakatika pale pale kwenye mstari.

"Hapa ni Desemba," alisema. "Nyasi zilikosekana wiki kadhaa, mwili ukaacha kulisha sufu."

Kondoo wa merino hunyolewa mara moja kwa mwaka, kwa hiyo kila unywele unabeba mwaka mzima. Wiki chache za njaa zinaacha sehemu dhaifu, na sufu inayokatika katikati haina bei mnadani. Ntate alichukua vishungi kutoka kondoo wengine, wa zizi lake na wa jirani aliyekuwa amehamia bonde la nyuma mapema. Vya jirani vilitoa mlio vilipogongwa, havikukatika. Mvua ileile, mlima uleule. Jirani alikuwa amehamisha kondoo alipoona nyasi zimefupika, wakati Ntate alisubiri tarehe aliyozoea tangu ujana.

Nadhani hapo ndipo penye kiini cha jambo. Wataalamu wanaopita huko huongea sana juu ya idadi, na idadi ina uzito wake. Lakini nyasi ya mlimani inakufa zaidi kwa kurudiwa kabla haijapona kuliko kwa kuliwa mara moja. Kondoo anang'ata karibu na ardhi. Akirudi wiki ya pili anakula chipukizi, na shina linaishiwa akiba ya mizizi. Tarehe iliyowekwa wakati mvua zilikuwa na adabu haiwezi kulinda chipukizi tena. Anayefunga na kufungua malisho lazima aangalie urefu wa nyasi.

Kuhama mapema nako kuna gharama. Wezi wa mifugo milimani hubeba bunduki, kwa hiyo wachungaji hupenda kukaa karibu karibu, na malisho mazuri ya mbali yanabaki bila mtu huku ya karibu yakichakaa. Abuti aliniambia bila kuona haya kwamba bonde la nyuma yeye haendi peke yake.

Jioni hiyo wakabishana. Ntate alitaka washuke wiki hiyohiyo ili bwawa lipumzike. Abuti alisema majira haya ya kuelekea baridi bado yana joto, nyasi bado zipo, na kule chini ngazi B jirani wawili wameshaingia kabla ya ruhusa. Kisha wakafika kwenye madume yaliyohasiwa. Yalikuwa mengi, mengine na meno yaliyokwisha. Hayazai, lakini yanatoa sufu kila mwaka, na kila mfugaji hapa anayaweka kama benki. Nikauliza kwa nini wasiyauze kabla ya baridi, yawaachie nyasi majike yenye mimba. Ntate alinitazama muda.

"Mnunuzi anakuja na lori Juni, yamekonda, anatoa bei anayotaka."

"Basi muuze sasa, yamenona," abuti akadakia. Sikutarajia itoke kwake. "Na mimi nichukue wangu katika majike."

Walihesabu kwenye mwanga wa moto, wakabishana upya kuhusu dume mmoja mzee ambaye Ntate alimpenda kwa sababu ndiye aongozaye kundi kwenye theluji. Huyo akabaki. Wengine kumi na wanne wangeshuka Mokhotlong wiki ileile, na kundi lililobaki lingehamia bonde la nyuma pamoja na lile la jirani, wachungaji wawili kwa zamu ya usiku. Kilichobaki ilikuwa kumwomba chifu ruhusa, na kumjulisha diwani pia, asije akasema hakuambiwa.