Nimerudi Lindi kwa ajili ya mabusha

Kila baraza ninalopita naulizwa swali lilelile: daktari, umeacha mshahara wa Uingereza, huku umefuata nini? Nilipoondoka, Rufiji tulikuwa tunavuka kwa pantoni pale Ndundu, na masika yakikata barabara mgonjwa anakwama ng'ambo. Daraja la Mkapa likafunguliwa 2003. Mengi yamebadilika, nashukuru. Mimi nimefuata kile ambacho hakijaisha.

Mabusha pwani yetu kila mtu anayajua na hakuna anayeyataja mbele ya wakwe. Wapo wanaosingizia madafu. Madafu hayahusiki kabisa, kunyweni. Ni minyoo myembamba kama nyuzi inayoenezwa na mbu. Hukaa kwenye mishipa ya limfu kwa miaka, na vitoto vyake huzagaa kwenye damu usiku, ndiyo maana wapimaji walikuwa wakija watu wameshalala. Kingatiba tunazogawiwa mitaani, ivamektini na albendazo, huua vile vitoto ili mbu asiwe na cha kubeba kwenda kwa jirani. Zimezeni. Ila busha lililokwisha kujaa maji haliondoki kwa vidonge, na kuyavuta kwa sindano ni kujisumbua, yatarudi. Hilo ni la kisu.

Na kisu chenyewe si kazi kubwa. Unachoma ganzi, unapasua, maji yanatoka, ule mfuko unaoyatunza unakatwa au unageuzwa nje ndani, unashona. Kazi iko katika kumfikisha mtu mezani.

Alikuja mzee mmoja mvuvi, wa upande wa Mchinga, akasema anaumwa goti. Kavaa msuli mpana, kakaa ukingoni mwa benchi, mguu mmoja kautupa pembeni. Muuguzi wangu, mama wa makamo, alimtazama mara moja tu. Akawatoa wanafunzi, akavuta pazia, akajisogezea kigoda karibu naye.

"Shikamoo baba. Goti tumelisikia. Na jingine?"

Kimya kirefu. Kisha: "Hilo jingine la siku nyingi, mwanangu."

Miaka ya nyuma alikwenda kutibiwa mahali, mhudumu akapaza sauti kwenye foleni: "Wa mabusha wapite huku!" Akageuza nyumbani. Baadaye akaacha ngalawa, akaacha na kuswali msikitini, maana kila akirukuu aliona watu wanamtazama.

Nimefanya kazi na mabingwa wenye mikono ya ajabu, na nawaheshimu. Huyu mama hajawahi kushika kisu, lakini bila yeye yule mzee angeondoka na dawa ya kuchua goti. Tulimfanyia upasuaji wiki ileile. Ninapowafundisha vijana sasa naanza na kigoda na pazia. Mishono tunaifikia baadaye. Na jina la ugonjwa halitajwi koridoni, anaitwa mtu kwa jina lake.

Mwenye baba, babu au mjomba anayejificha ndani, amlete hospitali ya mkoa. Wajukuu wasiambiwe kama hataki. Aje na ndugu mmoja wa kumsindikiza. Wiki za mwanzo asibebe mzigo wala asipande mnazi, na kidonda kikivimba au kutoa usaha arudi siku hiyohiyo, asikae kusubiri.