Nimefungua tenki leo nikaishiwa nguvu

Jamani wenye matenki ya maji ya mvua nyumbani, hebu fungueni mfuniko muangalie ndani. Mimi leo nimemulika na tochi ya simu nikaona viluwiluwi vya mbu vinajipinda juu juu ya maji na chini kuna tope jeusi laini, na haya ndo maji watoto wanakunywa kila siku, roho imeniuma sana. Kumbe wavu pale bomba la gata linapoingilia ulishatoboka, na gata zenyewe zimejaa majani na kinyesi cha ndege. Nimemwaga yote nikasugua kwa brashi ndefu nikiwa nje (humo ndani usiingie peke yako, hewa ni ndogo), nikafunga wavu mpya wa matundu madogo. Halafu mvua ikianza, yale maji ya kwanza yanayoosha paa msiyaingize tenkini, geuzeni bomba yamwagike kwanza. Na hata yakiwa meupe pee, ya kunywa chemsheni mpaka yatokote kabisa dakika 1 nzima, vijidudu havionekani kwa macho. Ya kwetu nimeyafunika sahivi yanapoa.