Kesi ya lodi wa Dragsholm

Mwaka nilioenda Denmark kumsalimia dada, shem alitupeleka jumapili moja Dragsholm huko Odsherred, siku hizi ni hoteli, jumba jeupe kubwaa, lakini zamani ilikuwa ngome ya maaskofu wa Roskilde, na nchi ilipotoka Ukatoliki ikawa ya Kilutheri 1536 mfalme akaichukua akawa anafungia humo wakubwa.

Shem alianza kusimulia tukiwa njiani. Mfungwa wa pale aliyevuma kuliko wote ni James Hepburn, lodi wa Bothwell, mume wa tatu wa Malkia Mary wa Scotland. Mume wa pili, Darnley, aliuawa february 1567, watu wakamnyooshea kidole Bothwell, akapelekwa mahakamani akaachiwa, mwezi wa tano akamuoa mjane, mwezi wa sita maadui zao wakawazidi nguvu na yeye akakimbilia baharini mpaka Norway, ambayo enzi hizo ilikuwa chini ya Denmark. Wakamkamata, wakampeleka Bergen, na Bergen kumbe ndo kwao Anna Throndsen, mwanamke ambaye Bothwell alimuahidi ndoa zamani alafu akamtelekeza! Anna akamshtaki palepale akapata fidia, meli ikiwemo. Nilimfurahia sana yule mama.

Ila kilichonichoma ni yaliyofuata. Mfalme Frederik wa pili hakumrudisha Scotland, hakumfungulia kesi, hakumuachia, alimweka tu maana mume wa malkia anaweza kuja kuwa na faida. Malkia mwenyewe ameshafungwa Uingereza, faida haionekani, basi 1573 wakamhamishia Dragsholm na 1578 akafia humo.

Mi nina baba mdogo alikaa mahabusu miaka, kila akipelekwa anaambiwa upelelezi haujakamilika, kwahiyo pale kwenye vyumba vya chini nilimwambia dada huyu mtu kaonewa.

"Kaonewa nini, kaua mume wa mtu akachukua na mke!"

"Hata kama dada, si wamhukumu basi ajue miaka yake?"

Tulibishana hadi kanisa la Fårevejle alipozikwa. Shem akatuambia maiti ilikauka bila kuoza, na kwa miaka mingi watu walikuwa wanaruhusiwa kuitazama kwenye jeneza, baadae ndo ikafunikwa. Hapo dada akasema hilo la maiti kweli halikuwa sawa, hilo kanikubalia, la kesi mpaka leo hataki.