Great Lakes 1918: timu ya kambi iliyojaa nyota, na bado ikashinda kwa pointi moja

Tazameni kwanza matokeo yenyewe. Iowa 10–0. Illinois 7–0. Northwestern 0–0. Notre Dame 7–7. Rutgers 54–14. Annapolis, chuo cha maofisa wa jeshi la majini, 7–6. Purdue 27–0. Halafu tarehe 1 Januari 1919 huko Pasadena, California, wakawapiga askari wa kambi ya Mare Island 17–0. Mechi nane, ushindi sita, sare mbili, hawakufungwa hata moja.

Huo ndio msimu wa timu ya Great Lakes, kituo cha kufundishia wanamaji wapya wa Marekani kilichopo kando ya Ziwa Michigan, kama kilomita 55 kaskazini mwa Chicago. Mchezo ni futiboli ya Kimarekani, ule wa mpira wa yai.

Sasa, katika kikosi hicho walikuwamo George Halas, Paddy Driscoll na Jimmy Conzelman. Wote watatu baadaye waliingizwa katika jumba la heshima la mchezo wa kulipwa: Halas 1963, Conzelman 1964, Driscoll 1965. Mbele yao katika safu, yaani ule ukuta wa wachezaji wa mbele wanaokabiliana na wapinzani uso kwa uso, alisimama Hugh Blacklock, na walikuwapo pia Charlie Bachman na Emmett Keefe waliotoka Notre Dame. Timu kama hiyo ungetegemea imsage kila iliyekutana naye. Lakini katika mechi nne za mwanzo ilipata pointi 24 tu, zote zikijumlishwa. Nyota peke yao hawaelezi msimu huu. Unaeleweka ukijua kambi ilivyokuwa ikiendeshwa, kanuni za mwaka ule, na umbo la mpira wenyewe.

Tuanze na kambi. Chuo kikuu hupata wachezaji kwa kuwaita. Kambi huletewa na vita. Marekani iliingia katika Vita vya Kwanza vya Dunia Aprili 1917, na vijana waliokuwa wakichezea vyuo mbalimbali wakajikuta wanapita lango moja. Halas alitoka Illinois, Driscoll alitoka Northwestern, Conzelman alitoka chuo cha Washington mjini St. Louis, Blacklock alitoka chuo cha kilimo cha Michigan. Mkuu wa kituo, Kapteni William Moffett, alitaka wanamaji wake wawe na michezo na muziki. Mwaka 1917 alikwisha kumleta John Philip Sousa, mtunzi maarufu wa muziki wa bendi, aunde bendi za kambi. Jeshi la majini nalo lilikuwa limempa Walter Camp, mzee aliyechangia kuunda kanuni za futiboli hiyo, usimamizi wa michezo katika kambi zake. Kwa hiyo kucheza hakukuwa starehe ya pembeni. Kulihesabiwa kuwa sehemu ya kuandaa mwili kwa vita, na mtu kama Halas aliwekwa kwenye kazi ya michezo hapohapo kituoni.

Shida ya timu ya namna hii inajulikana na yeyote aliyefuatilia timu za majeshi hata huku kwetu. Kwanza, kambi ya mafunzo ni njia ya kupita: leo una mchezaji, kesho amri imetoka, yuko kwenye meli. Kocha hana uhakika wa kikosi kile kile wiki mbili mfululizo isipokuwa wakubwa wawe wamekubali kuwabakiza watu. Pili, wachezaji kumi na mmoja waliofundishwa na makocha kumi na mmoja hawana lugha moja. Futiboli ya Kimarekani huchezwa kwa ishara: anayepanga mchezo huita namba, na kila mtu lazima ajue namba hiyo inampeleka wapi. Mmoja akikosea, nafasi inaziba au mpira unadondoka. Mambo hayo huchukua wiki nyingi kukaa sawa, na ndiyo sababu moja ya mashambulizi ya timu za kambi kusuasua Septemba na Oktoba, wakati ulinzi wao uko imara tangu siku ya kwanza. Kuzuia kunahitaji nguvu na macho. Kushambulia kunahitaji kuzoeana. Great Lakes haikuruhusu pointi hata moja katika mechi tatu za mwanzo.

Tatu, na hili lilikuwa zito kuliko yote, ni homa. Mafua makali ya 1918 yaliingia Great Lakes mwezi Septemba, na kutoka kambini yakasambaa hadi Chicago. Mabweni yaliyojaa wanamaji wapya ni mahali pabaya kabisa kwa ugonjwa wa kupumua, na mamia walikufa kituoni. Mechi ya Iowa ilichezwa tarehe 28 Septemba, ugonjwa ukiwa umeshika kasi. Nchi nzima ratiba zilivurugika: vyuo viliahirisha na kufuta mechi kwa sababu ya karantini, na Oktoba Wizara ya Vita ilizibana safari za timu za vyuo, kwa kuwa wanafunzi wengi walikuwa tayari wameandikishwa kama askari wa mafunzo. Ndiyo maana ukilinganisha msimamo wa vyuo wa mwaka huo unapata picha ya ajabu. Illinois walifungwa mara mbili msimu mzima, zote 7–0, na zote na timu za wanamaji: Great Lakes, na kituo cha gatini Chicago. Hakuna chuo kilichowafunga.

Sasa kanuni, na hapa naomba tusiharakishe.

Uwanja ulikuwa yadi 100, na nyuma ya kila mstari wa goli eneo la yadi 10. Timu ina majaribio manne ya kusogea yadi 10; ikishindwa, mpira unakwenda kwa wapinzani. Tachidauni, yaani kuufikisha mpira nyuma ya mstari wa goli la wapinzani, pointi 6; goli la mkwaju, yaani kuupiga mpira upite kati ya milingoti, pointi 3; mkwaju wa nyongeza baada ya tachidauni pointi 1. Hadi hapo ni kama leo. Tofauti ziko ndani zaidi. Kupasia mbele kulikuwa halali tangu 1906, lakini mpasaji ilimlazimu awe angalau yadi 5 nyuma ya mstari wa kuanzia, kwa hiyo hakuweza kukimbia kuelekea safu kisha akapasia ghafla. Safu ya wapinzani ilijua mapema kinachokuja. Kocha naye hakuruhusiwa kutoa maelekezo akiwa pembeni. Mchezo mzima ulipangwa na mchezaji mmoja ndani ya uwanja. Tena wale wale kumi na mmoja walishambulia na kuzuia, kwa hiyo robo ya nne miguu ilikuwa imekwisha.

Na mpira! Kwa vipimo vya 1912, mzingo wake katikati ulikuwa inchi 22.5 hadi 23, yaani takriban sentimita 57 hadi 58, na uzito wakia 14 hadi 15, karibu gramu 400 hadi 425. Mpira wa leo ulipunguzwa unene mwaka 1934 hadi inchi 21.25 na 21.5, sentimita 54 na kitu. Sentimita tatu au nne zinaonekana ndogo kwenye karatasi, lakini kiganjani ni nyingi. Mpira mnene haushikiki vizuri kwa mkono mmoja, hauzunguki sawasawa hewani, na ukilowa unateleza. Ncha zake butu, kwa upande mwingine, zilikuwa neema kwa mpigaji wa miguu, kwa sababu mpira ukiangushwa ulidunda wima.

Huo ndio msingi wa mkwaju wa kudundisha, silaha kubwa ya Driscoll. Mpigaji husimama kama yadi 10 nyuma ya safu. Anapokea mpira kwa mikono miwili, anausimamisha ncha chini, umeinama kidogo kuelekea kwake. Hatua moja fupi, hatua ya pili ya kujishikiza, na mikono inauachia, bila kuurusha, kutoka chini ya kiuno. Ncha ikigusa ardhi tu, wayo unaukuta unapoanza kuinuka. Ukipiga mapema unapiga mpira ambao bado unashuka, unakwenda chini na kugonga safu. Ukichelewa umekwisha kupinda. Ukiuachia kutoka juu, unapata muda wa kugeuka kabla ya kufika chini. Kwenye tope haudundi kabisa. Yote hayo hufanywa ndani ya sekunde mbili hivi huku watu wazito wanakujia. Milingoti wakati ule ilisimama juu ya mstari wa goli, haikuwa yadi 10 nyuma kama ilivyowekwa katika mchezo wa vyuo tangu 1927, kwa hiyo umbali ulikuwa mfupi kuliko wa leo. Lakini ufundi wenyewe ulikuwa mgumu zaidi.

Ukiunganisha vipande hivi, utaona kwa nini timu zilicheza kwa hofu karibu na goli lao. Timu iliyobanwa kwenye yadi zake 10 au 15 mara nyingi haikusubiri jaribio la nne. Ilipiga mpira mbali hata jaribio la kwanza au la pili. Kuponyokwa na mpira mnene karibu na goli lako kulikuwa ni kumpa adui pointi. Kwa hiyo kazi ikawa kubadilishana mikwaju, kupata yadi tano tano, na kungoja mwenzako akosee. Sare ya 0–0 na Northwestern haikuwa kichekesho. Driscoll alikuwa anakabiliana na chuo chake mwenyewe, kama Halas alivyokabiliana na Illinois, na Bachman na Keefe walivyokabiliana na Notre Dame. Walijuana.

Mechi ya Notre Dame, tarehe 9 Novemba, inastahili kusimama peke yake. Ulikuwa msimu wa kwanza wa Knute Rockne kama kocha mkuu. Upande wake alikuwapo nyota wake George Gipp, na pia Curly Lambeau, kijana wa mwaka wa kwanza ambaye mwaka uliofuata angeanzisha timu ya Packers wa Green Bay. Upande wa pili Halas, baba wa timu ya Bears wa Chicago. Waasisi wa uhasama mkongwe wa futiboli ya kulipwa walikuwa katika nyasi moja, na wakaondoka 7–7. Siku mbili baadaye vita vikasimama Ulaya.

Tarehe 16 Novemba Great Lakes wakacheza na Rutgers katika uwanja wa Ebbets Field, Brooklyn, na hapo ndipo kuzoeana kulipozaa matunda: 54–14, Driscoll akifunga tachidauni sita peke yake. Rutgers walikuwa na Paul Robeson, mchezaji wa pembeni ya safu ambaye baadaye alivuma kama mwimbaji na mwigizaji, Mweusi aliyechaguliwa miongoni mwa bora wa nchi 1917 na 1918. Sisi tunaoongea Kiswahili tuna sababu ya kumkumbuka: miaka ya 1930 huko London alijifunza lugha yetu. Kijana kama yeye hangeweza kuvaa jezi ya Great Lakes. Mafunzo ya kawaida ya ubaharia katika kituo kile yalifunguliwa kwa Weusi mwaka 1942 tu, na kila anayesifu timu ya 1918 aliseme hilo pia.

Kisha Annapolis, tarehe 23 Novemba. Wenyeji waliongoza 6–0. Walipata tachidauni, nyongeza ikapotea. Ili uelewe uzito wa nyongeza iliyopotea, fikiria raga: kama Wakenya wanavyojua, mkwaju unapigwa kwenye mstari wa pale ulipoguswa mpira. Kanuni ya 1918 ilikuwa ya aina hiyo hiyo. Ukifunga kwenye kona, unapiga kutoka pembe mbaya, ama mwenzako anapiga mpira wa juu kutoka nyuma ya mstari wa goli ili mwingine audake sehemu nzuri zaidi, na akiukosa, nafasi imekwisha. Utaratibu huo uliondolewa mwaka 1920. Pointi ya saba haikuwa ya bure hata kidogo.

Dakika za mwisho Annapolis walikuwa karibu kabisa na goli la Great Lakes, wakitafuta tachidauni ya pili. Bill Ingram wa Annapolis akaponyokwa na mpira. Eielson wa Great Lakes akaudaka na kukimbia kuelekea upande wa pili, uwanja mzima mbele yake mtupu. Ndipo mchezaji wa akiba wa Annapolis akaruka kutoka kwenye benchi, akaingia uwanjani na kumwangusha. Baada ya mabishano tachidauni ikakubaliwa, kama ilivyostahili. Blacklock akapiga nyongeza. 7–6. Kosa lile lile ambalo kila kocha wa enzi ile aliliogopa, la kuponyokwa na mpira karibu na mstari, safari hii liliwapata washambuliaji.

Pasadena ilikuwa nyepesi kwa kulinganisha. Mwaka uliotangulia Mare Island walikuwa wamewafunga Camp Lewis 19–7 katika mechi hiyo hiyo ya Mwaka Mpya, kwa hiyo walikuwa mabingwa wanaotetea. Great Lakes walifika baada ya siku kadhaa za treni. Driscoll akapiga mkwaju wa kudundisha, Reeves akafunga, kisha Driscoll akapasia, Halas akadaka na kufunga. Halas pia alinyakua pasi ya wapinzani na kukimbia nayo yadi 77 kabla ya kuangushwa kwenye yadi ya 3. Kwa msimu mzima ilikuwa pointi 129 kwa 27, na ukiitoa Rutgers, 75 kwa 13 katika mechi saba.

Mwaka 1920 kampuni ya wanga ya Staley huko Decatur, Illinois, ilimwajiri Halas aiundie timu, ile iliyokuja kuwa Bears wa Chicago. Alifanya kama kambi: akawaita Conzelman, Blacklock na wengine, wakapewa ajira kiwandani, na kila siku wakaruhusiwa saa mbili za mazoezi ndani ya muda wa kazi.