Juu ya karatasi ni wapi?

Hii ilikuwa likizo ya Agosti 2018. Mpwa wangu alikuwa fomu wani, dada yangu akaniletea pale Kibokoni na begi lake na laptop kuukuu, ati wewe mjomba ndo uliyesoma hesabu basi kaa naye wiki mbili. Mtoto haoni tangu mdogo. Kichwa anacho, breli anaisoma mbio kuliko mie na gazeti, lakini grafu zilikuwa zimemshinda kabisa.

Na huyu huyu usiku halali kwa gemu za sauti. Hazina picha, unavaa hedifoni unasikia nyayo, adui akiwa kulia unamsikia sikio la kulia, ukibonyeza kitufe sauti inakutajia pale uliposimama, "kumi na mbili, saba". Nkamuuliza hizo namba mbili wajua ni nini? Akasema ni jina la chumba. Yaani alikuwa anazikariri kama namba za simu, akigonga ukuta anajaribu kwengine mpaka apite, na anashinda!

Basi nikachukua katoni, nikabandika nyuzi mbili kwa gundi zikakatana katikati, nikaona nimefanya la maana. Nikamshika mkono: x yaenda kulia, y yaenda juu. Akautoa mkono kwenye katoni akaupeleka hewani.

"Juu wapi mjomba? Si katoni iko mezani?"

Nilinyamaza. Manake ni kweli, sisi tulijifunza ubaoni, ubao uko ukutani, juu ni juu, halafu tukahamia kwenye daftari na neno tukalibeba vile vile bila kujua tumebadilisha maana. Yeye mwalimu akisema mstari unapanda, anangoja kitu kimguse kidevu.

Alasiri nikatoka naye barazani, kuna mzee pale huwa na bao lake na siku hiyo mwenzake hakutokea. Nikaomba. Mzee akaguna lakini akasogea. Nikamkalisha kijana aelekee kibla, na kibla hapa Mombasa ni kaskazini karibu moja kwa moja, Makka iko juu yetu kwenye ramani (hilo "juu" tena, laana). Nkamwambia sahau juu, y yaenda kibla. Nyuma yako ni minus. Hilo halikuhitaji maelezo, kibla anakijua tangu madrasa.

Akapapasa bao lote kwanza, safu nne, mashimo manane kila moja, mpaka akaipata nyumba, lile shimo la mraba. Hapo ndo sifuri, nikamwambia. Kushoto kwake manne, kulia matatu, mbele safu mbili za mzee, nyuma yako moja. Nipe minus tatu, mbili. Vidole vikaenda kushoto vikihesabu kimya kimya, halafu mbele, tap, kete ikaingia shimo lenyewe. Nikampa nyengine, nyengine, hakosi. Kati kati akanambia kete zote za bao ni 64, na nukta sita za breli ukizipanga kila namna, pamoja na pale pasipo na nukta, napo wapata 64. Sijui alikuwa akiyawaza saa ngapi hayo.

Nikamwekea kete nne, minus moja minus moja, sifuri sifuri, moja moja, mbili mbili, nkamwambia pitisha kidole. Akapitisha, akarudia. "Kumbe kupanda ndo huku? Kila hatua ya kulia na moja ya kibla?" Ndo huko. Halafu akacheka peke yake, akasema sasa ajua kwa nini kwenye gemu adui akiwa nyuma sauti huwa nzito, manake hedifoni zina kulia na kushoto tu, mbele na nyuma hazina, lazima watengenezaji watafute ujanja mwengine. Hilo mie sikumfundisha.

Mzee akawa amechoka, bao halichezwi hivo, mwatia kete kwangu bila kunila. Kijana hakumsikia. Ameinua kete moja, kaishikilia juu ya nyumba, kama shubiri hivi.

"Na hapa mjomba? Hii sasa si ndo juu ya kweli? Yaitwaje?"

"Hiyo z," nikamwambia, "hamjafika."

"Irudishe kete yangu," mzee akasema.