Nyuma ya Maboya ya Kuruwitu

Matatu ilinishusha Vipingo asubuhi, na bodaboda ikakata katikati ya mashamba ya mkonge hadi ufuoni. Nilikuja kuiona tengefu. Ndivyo watu wa Kuruwitu, Kaunti ya Kilifi, wanavyoliita eneo la bahari walilolifunga wenyewe mwaka 2005: hekta 30 hivi, kati ya ufuo na mwamba wa matumbawe, ambamo hakutiwi ndoana, wavu wala mtego wa lema.

Mzee aliyenipokea aliitikia shikamoo yangu, kisha akanyoosha kidole kwenye povu la mawimbi huko mbali. "Kusi ikivuma, mtumbwi haupiti pale. Sote twatafuta kitoweo humu humu ndani."

Hapo nikaelewa ukubwa wa walichojinyima. Kufunga maji ya ndani ni kufunga jiko miezi ile ambayo bahari kuu haiendeki. Waliokataa mwanzoni siwalaumu hata kidogo. Lakini joto la El Niño ya 1998 lilikuwa limeua matumbawe, juya, wavu wa kukokotwa, likizoa hata vitoto vya tafi ingawa lilipigwa marufuku 2001, na wafanyabiashara wa samaki wa mapambo wakiwabeba wale wa rangi kuwapeleka ng'ambo.

Maji yalipokupwa tukavaa miwani, tukaingia. Kwanza mchanga, kisha nyasi, kisha boya. Baada ya boya, kundi la tafi likanipita ubavuni likigeuka kwa pamoja kama kitambaa kinachokung'utwa. Chini ya jabali alilala chewa, mdomo ukifunguka na kufumba, jicho likinitazama. Nilimkaribia hadi urefu wa mkono. Hakukimbia. Nimepiga mbizi sehemu nyingi za pwani hii, na chewa wote niliowahi kuwaona niliwaona wakitokomea.

Wakati wa kurudi mzee alinionyesha malema yaliyotegwa nje tu ya mpaka, karibu kabisa na maboya. Wavuvi wanajua samaki akikua na nafasi ikambana hutoka kutafuta pengine, nao wanamngoja mlangoni.

Bandarini nilikaa karibu na mizani zaidi ya saa nzima. Tangu kanuni za 2007 za BMU (Beach Management Unit, yaani kikundi cha kusimamia ufuo), wavuvi wana chombo chao kinachotambulika kisheria cha kusimamia ufuo pamoja na serikali. Kwangu mimi, nguvu yake iko kwenye daftari la karani. Bila hilo, mvuvi anayesema samaki wamepungua huambiwa ni mawazo yake.

Kijana mmoja akafika, kikapu kikidondosha maji. Mchuuzi alikuwa ameshanyoosha mkono kupokea.

"Ngoja, bwana," karani akamzuia, akaweka kikapu kwenye mizani. "Tafi. Kilo nne na nusu. Umevua kwa nini?"

"Lema."

Akaandika, akageuza daftari kijana asome mwenyewe, ndipo mchuuzi akapewa kikapu.