Kuijaribu Darubini ya Bunduki Katika Milima ya Uskoti

Dukani kila darubini ya bunduki ni nzuri. Ukilenga bango la upande wa pili wa barabara mchana kweupe, hata ile ya bei ya chini hukuonyesha picha safi, na ndiyo sababu nilipopata darubini mpya yenye ukuzaji wa mara 3 hadi 12 na lenzi ya mbele ya milimita 50, niliazimia kutoiamini mpaka imalize msimu mmoja wa kuwinda kulungu wekundu majike katika nyanda za juu za Uskoti, magharibi ya Inverness. Msimu huo huanza tarehe 21 Oktoba na kwisha tarehe 15 Februari, kipindi cha mvua, theluji na giza la mapema. Mimi nimezaliwa Kenya, ambako uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, kwa hiyo ustadi huu nimejifunzia ugenini, katika nchi ambayo mbwamwitu walikwisha toweka zamani na kulungu wasipopunguzwa na binadamu huitafuna miche yote ya miti.

Nilijiwekea kanuni moja: swali lolote linaloweza kujibiwa na karatasi lisipelekwe kwa mnyama.

Nilianza kwa kuifunga darubini juu ya bunduki yangu ya .308 (kipimo cha risasi zake) kwa spana yenye kipimo cha nguvu ya kukaza, kwa maana skrubu zikizidi kukazwa hulibonyeza bomba la darubini, na zikilegea shabaha huhama kidogo kidogo bila mwenye bunduki kutambua. Nafasi kati ya jicho na lenzi ya nyuma niliipimia nikiwa nimelala kifudifudi, nimevaa koti zito la baridi, wala si nikiwa nimesimama sebuleni. Mlalo na koti hubadilisha mahali kichwa kinapokaa, na anayekaribisha jicho mno hupasuliwa nyusi na mrudisho wa bunduki.

Katika uwanja wa shabaha nilibandika karatasi ndefu umbali wa mita 100 na kuchora mstari wima kwa msaada wa timazi. Kila kliki ya kifundo cha kurekebishia inapaswa kuisogeza risasi sentimita 1 kwa umbali huo. Nilipiga kundi la risasi tatu, nikapandisha kliki 30, nikapiga tena huku nikilenga alama ileile ya chini, kisha nikashusha kliki zote na kupiga kundi la mwisho. Kundi la juu lilipanda karibu sentimita 30, pungufu kwa kiasi kisichofika sentimita moja, na la mwisho likaangukia juu ya lile la kwanza. Kwangu hilo la kurudi mahali pake lina uzito kuliko usahihi wa kliki zenyewe, kwani mlimani ni nadra mtu kuchezea vifundo: risasi ya bunduki iliyosawazishwa ipige inapolenga kwa mita 100 hushuka takribani sentimita 10 kwa mita 200, na mwindaji anayejiheshimu huendelea kutambaa mpaka apunguze umbali huo badala ya kuukokotoa.

Yaliyobaki hayakuwa na jibu ila mlimani. Mwongozaji niliyefuatana naye, mtu aliyezeeka katika kazi hiyo, hunyemelea kwa kuukabili upepo ili kulungu wasinuse harufu yake, na upepo haujali kama njia yake inapita ndani ya kijito. Nasi tulitambaa humo, bunduki ikiwa ndani ya mfuko wake wa turubai. Tope na mvua havikuingia ndani ya darubini. Ukungu niliouona ulikuwa wa pumzi yangu kwenye lenzi ya nyuma, hasa baada ya kupanda mteremko mkali, na hakuna kiwanda kinachoweza kumzuia mtu kuhema. Dawa yake ni kuacha vifuniko vya lenzi vikiwa vimefungwa hadi dakika ya mwisho na kupumua kwa upande.

Mtihani mzito ulikuwa mwanga. Mwezi Desemba jua la huko huzama yapata saa tisa na nusu alasiri, na sheria hukataza kupiga kulungu ukishapita muda wa saa moja tangu jua kuzama, bila kibali maalumu. Jioni moja ya mawingu tulikuwa juu ya bonde tukitazama kundi la majike lililokuwa likishuka kutafuta malisho. Kwa ukuzaji wa mara 12 niliona vivuli vya kijivu tu, na nyuzi za msalaba za kulengea zikapotelea kwenye manyoya. Hesabu yake ni nyepesi: gawanya milimita 50 kwa 12 na utapata mwali wa mwanga wenye upana wa milimita 4 hivi unaolifikia jicho, ilhali mboni gizani hupanuka zaidi ya hapo. Niliteremsha ukuzaji hadi mara 8, mwali ukawa milimita 6, na bega la jike lililosimama pembeni likajitenga waziwazi na nyasi. Mwongozaji aliniashiria yule aliyekonda, asiye na ndama. Umbali haukufika mita 120, nami nikapiga risasi moja nyuma ya bega. Alikimbia hatua chache akaanguka.

Tuliporudi uwanjani, baada ya darubini kusukwasukwa kwenye gari la milimani na kugongwa na mawe, risasi ya kwanza kutoka mtutu wa baridi ilitua ndani ya kundi la awali. Lalamiko langu ni pete ya kubadilishia ukuzaji, ambayo huwa ngumu sana kwenye baridi kiasi kwamba kidole chenye glavu hakiwezi kuizungusha bila kuitikisa bunduki. Nimeifungia kijiti kidogo cha mpira cha kushikia, na sasa naianza kila jioni ikiwa tayari kwenye mara 8.